Vifaranga wa Buluu

Jumamosi, katikati ya Mei, 1972. Saa kumi na mbili jioni.

Mvua imepungua lakini haijaacha. Mabati bado yanadondosha maji, na ukungu umeshuka kwenye mashamba ya chai mpaka sioni nyumba ya mwalimu mkuu, ambayo haiko mbali na mlango wangu. Nimevaa sweta mbili na miguu bado ina baridi. Nimechoka. Najua nimeandika neno hilo kwenye kurasa nyingi za daftari hili mwaka huu, lakini uchovu wa leo ni wa namna nyingine, na sidhani kama kulala kutausaidia.

Vifaranga watatu wamekufa leo ndani ya nyumba yangu. Aliyewaua ni paka wangu. Aliyempa nafasi ni mimi.

Niandike kwa utaratibu kabla sijaanza kujitetea.

Mama mkwe alikuja kwetu mwezi wa Februari, baada ya baba mkwe kuzikwa huko Maragoli. Baba Fanisi, mume wangu, ndiye aliyekwenda kumchukua. Alimkuta amekaa peke yake katika nyumba ile, moto haujawashwa kwa siku mbili, na alipomuuliza amekula nini, akajibu kwamba amesahau. Basi akamleta hapa Kericho, kwenye mashamba ya chai, ambako mimi nafundisha darasa la kwanza na yeye anafanya kazi kiwandani, sehemu ya kunyausha majani. Mama alishuka kwenye basi akiwa amempakata kuku mmoja mwekundu, amefungwa miguu kwa kamba ya katani. Kuku huyo anaitwa Jerida. Amepewa jina la wifi yake Mama, kwa sababu, asema, wote wawili huanza kuongea kabla jua halijatoka.

Mama hakupapenda hapa, na sikumlaumu. Asubuhi ni ukungu, alasiri ni mvua, na pande zote ni chai ya kampuni. Huna hata kipande cha kupanda mboga zako mbili tatu ukajiona una shamba. Majirani wanaongea Kikipsigis. Mimi ni Mkisii, na Kimaragoli changu ni cha salamu tu. Kiswahili chake yeye alikiokota sokoni akiwa mtu mzima tayari. Kwa hivyo kutwa nzima alikuwa akiongea na Jerida, na Jerida alikuwa akimjibu, na mimi nikitoka shule nilikuwa nakuta wawili hao wamekwisha kukubaliana juu ya mambo yangu yote.

Kila wiki alisema anarudi kwao. Jerida alipoanza kuatamia mayai chini ya kitanda cha binti yetu Fanisi, akasema atangoja yaanguliwe. Yalipoanguliwa, vifaranga wanane, akasema tena: "Vifaranga yakikua kidogo, nakwenda. Siwezi beba mtoto mchanga kwa basi."

Hapo ndipo mambo yalipofungamana. Sote tulielewa kwamba vifaranga wakiwa wazima na wadogo, Mama yupo. Wakiisha, hana cha kungoja. Baba Fanisi alinivuta pembeni akaniambia nisikubali hata mmoja aguswe, maana mama yake akirudi kule atakufa njaa huku ghala limejaa mahindi. Mume wangu si mtu wa kusema jambo mara mbili.

Shida ni kwamba tayari nilikuwa na paka.

Paka huyo, Karani, nilimtoa kijiji cha Merigi mwezi wa Januari, kwa mama mzazi wa mwalimu mwenzangu, baada ya panya kutafuna pembe za rejista ya darasa na kisha kumng'ata Fanisi kidole cha mguu. Yule mama mzee alinikabidhi paka ndani ya gunia. Akanionya nisilifungue njiani asije akaijua njia ya kurudi, na nikifika nimpake siagi kwenye nyayo ili alambe, apazoee. Nilifanya yote. Paka alilamba siagi, halafu akanitazama kuona kama kuna nyingine. Ni mweusi mwenye kifua cheupe, na hutembea polepole akikagua kila kilichowekwa chini, ndiyo sababu Fanisi akamwita Karani. Karani wa mizani hutembea hivyo hivyo katikati ya vikapu vya wachumaji. Kwa panya, huyu paka ni hodari. Kila alipoleta panya akamweka miguuni pangu nilimpa dagaa mmoja wa omena, na haikuchukua wiki akawa ameyaelewa masharti ya kazi.

Lakini paka hodari ni hodari kwa kila kitu kidogo kinachokimbia. Siku vifaranga walipotoka chini ya kitanda kwa mara ya kwanza, Karani alilala chini, tumbo likagusa sakafu, na ncha ya mkia ikaanza kucheza. Mama hakumtazama paka. Alinitazama mimi.

Nikasema nitamfundisha. Nilisema mimi ni mwalimu, nimewafundisha watoto wa watu kukaa kimya na kutogusa cha mwenzao, paka atanishinda nini? Sijui kwa nini nilijipiga kifua namna ile. Nadhani ni kwa sababu ilikuwa muda mrefu tangu Mama anitazame kana kwamba nina kazi ya maana.

Yeye alikuwa na wasiwasi wake mwingine, mwewe. Hapa juu ya chai mwewe huzunguka mchana kutwa, na kifaranga mwepesi wa rangi ya manjano huonekana kutoka mbali. Dawa ya kwao ni buluu, ile ya kufulia nguo nyeupe. Alisaga kipande, akakikoroga ndani ya kopo la maji, akamchovya kila kifaranga mpaka shingoni na kuwaanika juani kwenye gunia. Walitoka na rangi ambayo sijawahi kuiona kwa kitu chenye uhai. Mwewe hali kitu asichokijua, alisema. Na kweli hakuna hata mmoja aliyechukuliwa. Kila Jumamosi aliwachovya tena, kwa kuwa rangi hufifia na manyoya mapya huota.

Basi masomo yakaanza. Kila siku saa kumi, nikishatoka shule nikavua viatu, tulikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, Mama na vifaranga wake, mimi na paka wangu.

Siku ya kwanza nilikosea. Karani aliruka, nikampiga kwa ufagio, akapanda darini akakaa huko mpaka kesho yake. Hakujifunza lolote ila kuniogopa mimi. Baada ya hapo niliacha kumpiga. Nilipiga sakafu kwa ufagio mara moja tu, kwa nguvu, kila alipoinama kutaka kuruka, na alipoinuka akatazama pembeni nilimpa kichwa cha omena. Nilihakikisha amekula kwanza, maana hata mtoto mwenye njaa hafundishiki. Wiki ya kwanza vifaranga walifunikwa na tenga, yeye akiwaona tu kupitia matundu. Wiki ya pili tenga likaondolewa, naye akakaa mapajani mwangu nimemshika kifuani, nikisikia moyo wake unavyokimbia. Mama alimsogeza kifaranga mmoja wa buluu karibu na pua yake, kidogo kidogo, huku akimsemesha kwa Kimaragoli. Sikuelewa maneno, lakini sauti ile ni ya mtu anayemwonya mkwe.

Sasa niandike lile ambalo sijamwandikia mtu, hata daftari hili.

Kulikuwa na siku moja katika wiki hiyo ya pili. Nilikuwa nimetoka kwenye darasa la watoto sabini, kichwa kinaniuma. Nikakuta Mama ameosha upya sufuria zote nilizoziosha asubuhi, amezipanga nje kwa mstari ili wapita njia waone. Kisha akaniambia ugali wangu ni wa watu wasio na meno. Kisha akasema tena kwamba vifaranga wakikua anaenda. Tukakaa kwenye kizingiti kama kawaida, nikamwachilia Karani mapema kuliko siku zote. Akainama. Mkia ukacheza. Ufagio ulikuwa mkononi mwangu.

Sikupiga sakafu.

Nilifikiri, wakiisha ataenda. Nilifikiri hivyo kwa maneno kamili. Jerida ndiye aliyemwokoa mtoto wake. Alimrukia paka kwa mbawa na kucha, akamdonoa pua, Karani akakimbilia ndani ya ndoo tupu. Na Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akicheka tangu tumzike baba. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso, na mimi nikacheka naye, nikiwa na aibu ambayo hakuna aliyeiona.

Tangu siku hiyo somo likawa refu. Paka akishamaliza sehemu yake, sisi tulibaki tumekaa. Mama alinisimulia, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, jinsi baba mkwe alivyokuwa akiwabeba vifaranga ndani ya kofia yake mvua ikinyesha, akaingia nyumbani kichwa chake mwenyewe kimelowa chepechepe. Nami nilimwambia habari za mama yangu, ambaye amekaa miaka minne bila kuniona kwa sababu nauli na likizo havijawahi kukutana. Kuna siku alinisuka nywele huku Karani amelala na kifaranga akitembea juu ya mgongo wake. Sikulitegemea hilo. Nilikuwa nimezoea kuhesabu siku za huyu mama kuondoka, na siku moja nikajikuta nawatazama vifaranga wanavyoota mbawa nikatamani wapunguze mwendo.

Wiki iliyopita nilikuwa tayari nimevimba kichwa. Karani analala mlangoni, vifaranga wanane wa buluu wanapita juu ya mkia wake, naye hafungui hata jicho. Mzee arap Maritim, mlinzi wa shule, alikuja kujionea. Alisimama muda mrefu, rungu kwapani.

"Mwalimu," akasema, "hii paka yako imesoma kupita watoto yetu."

Niliyarudia maneno hayo kwenye chumba cha walimu. Niliyarudia kwa Baba Fanisi wakati wa chakula. Naungama kwamba niliyarudia hata kwa mama anayeniuzia maziwa, ambaye hakuniuliza kitu.

Sasa leo.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Jua lilitoka, ukungu ukainuka kutoka kwenye chai, nikapiga deki na kusahihisha madaftari. Baada ya chakula Mama alileta kopo lake kwa ajili ya buluu, kwa kuwa ni Jumamosi. Buluu haikuwepo. Nilikuwa nimeimaliza mimi siku ya Alhamisi kwa kufulia blauzi zangu nyeupe na shati la Baba Fanisi la kanisani, nikamwahidi kwamba Jumamosi nitakwenda dukani kununua nyingine. Duka liko mwendo wa nusu saa. Nikamwambia nitakwenda jioni, nikajilaza kidogo. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimechoka tu, na kitanda kilikuwa karibu kuliko duka.

Rangi ya Jumamosi iliyopita ilikuwa imeshafifia. Kumbe hiyo iliyobaki ndiyo iliyokuwa imeshikilia kila kitu.

Saa nane mvua ya mawe ikaanguka bila onyo. Kwenye mabati ilikuwa kelele tupu. Nilimsikia Mama akiniita kutoka nje, na nitaandika ukweli: sikuinuka kwa wito wa kwanza. Nilisema moyoni, amekwenda mwenyewe, atawapata. Vifaranga walikuwa wamekimbilia chini ya mistari ya chai, kila mmoja na njia yake. Mama alitambaa huko kwenye mawe, katika umri wake, akawaokota mmoja mmoja ndani ya leso. Aliingia jikoni amelowa kichwa mpaka miguu, akawamwaga karibu na moto kwenye gunia. Jerida alikuwa bado yuko nje. Akataka kurudi kumtafuta, lakini akasimama mlangoni mwa chumba changu.

"Na paka?" akauliza. "Iko hapo kwa moto."

Nikamjibu nikiwa nimelala vilevile, macho yamefumbwa. "Mwache tu, Mama. Huyo amesoma."

Akaniamini. Akatoka.

Sijui zilipita dakika ngapi. Kelele ya mawe ilikuwa kubwa, sikusikia kitu. Nilichosikia ni mguso wa manyoya kwenye mkono wangu uliokuwa ukining'inia kitandani. Karani alikuwa amekaa chini, kifua chake cheupe kimelowa. Mbele ya kandambili zangu alikuwa ameweka kitu kidogo, cha manjano, kimelegea. Akanitazama. Alikuwa anangoja omena wake.

Sitaisahau sura ile. Hapakuwa na hatia hata kidogo. Alikuwa amefanya kazi.

Jikoni kulikuwa na wengine wawili. Watano waliobaki walikuwa wamejibanza nyuma ya mtungi wakitetemeka, na nilipowaona ndipo nilipofahamu. Mvua ya mawe ilikuwa imewasugua mpaka tone la mwisho la buluu likatoka. Walikuwa wa manjano, wamelowa, wembamba, wanalia kwa sauti ambayo hawajawahi kuitoa kwenye kizingiti saa kumi. Tangu masomo yaanze paka hakuwa amewaona viumbe hao. Kwa wiki nne nzima nilimfundisha asiguse kitu cha buluu chenye miguu miwili, na hilo alilishika barabara.

Mama aliingia na Jerida kwapani. Akasimama. Maji yalikuwa yakimtiririka kutoka kwenye nguo, akatazama sakafu, akatazama gunia, halafu akanitazama mimi. Ingekuwa heri angenigombeza.

Nilifanya lile ambalo mtu mwenye hatia hulifanya, nikatafuta wa kumpiga. Nilichukua gunia, nikamkamata Karani kwa ngozi ya shingo, nikawa namsukuma ndani. Nilitaka kumpa arap Maritim ampeleke mbali, Soin huko, au amtupe popote, nisimwone tena. Paka hakushindana nami. Alidhani labda ni safari.

"Acha yeye," Mama akasema.

Nikasema ameua.

"Umefundisha yeye rangi," akasema. "Hujafundisha yeye kuku."

Nililiachia gunia. Hayo aliyasema mwanamke ambaye hakuingia darasani hata siku moja, na mimi nina cheti cha ualimu kimetundikwa sebuleni ndani ya fremu. Nimewaza tangu alasiri juu ya watoto wangu wanaoimba ukurasa mzima wa kitabu vizuri kabisa, halafu ukiliandika neno lilelile ubaoni peke yake wanalitazama tu.

Tuliwakausha wale watano. Mimi niliwashika, yeye aliwafuta kwa kitambaa kilichopashwa moto. Jerida alizunguka chumba akiita, akirudi pale kwenye gunia, akiita tena. Hesabu yake haikutimia. Nilishindwa kumsikiliza, na labda ndicho kilichonifungua mdomo.

"Mama," nikasema, "kuna siku nilitaka paka awale wote. Ili uende."

Nikamweleza habari ya ufagio. Aliendelea kufuta. Nilidhani hakunielewa, Kiswahili changu kikikimbia humpita. Nikawa tayari hata namshukuru Mungu kwamba hakunielewa.

"Mimi pia niliomba mwewe," akasema baadaye, bila kuinua uso. "Nilisema achukue yote, nipate njia ya kwenda. Siku mbili niliomba hivyo. Halafu nikatafuta buluu."

Alinipa kifaranga aliyekauka, nikampa aliyelowa.

Mvua ya mawe ilipoacha alichukua jembe akawazika wale watatu chini ya mstari wa kwanza wa chai. Ni chai ya kampuni lakini hakuomba ruhusa kwa mtu. Nilisimama mlangoni nikamtazama, na nilikuwa na hakika kwamba akimaliza atakuja kuniambia habari za basi la kesho asubuhi. Watano wanaweza kubebeka. Wameshaanza kuota mbawa, na anayo sababu sasa, tena kubwa. Nilianza kutunga maneno ya kumzuia, nikakosa ninayostahili kusema. Nilimtaka abaki. Naandika hivyo wazi kwa sababu mwezi uliopita nisingeweza kuliandika. Namtaka abaki hata kama ataosha sufuria zangu upya maisha yake yote.

Alirudi, akanawa mikono na miguu, akaingia chumbani kwa Fanisi anamolala naye, akatoka na kapu lake. Ni kapu kubwa la matete lenye kifuniko cha kufunga kwa kamba. Nguo zake zimekaa humo tangu Februari. Kila asubuhi huchomoa anayoivaa, na ikishafuliwa ikakauka huirudisha akafunga kamba. Mara mbili nilimpa nafasi kwenye sanduku langu, akanijibu kwamba msafiri hatandazi vitu.

Akaliweka kapu mezani, akafungua kamba, akaanza kutoa nguo moja moja. Magauni mawili, leso, sweta ya rangi ya kahawia, kitambaa cheupe cha kichwa cha kanisani, na koti la marehemu ambalo sikujua kama alilichukua. Akazirundika zote mikononi mwangu mpaka zikanifika kidevuni. Kapu lilipokuwa tupu alilitandika majani makavu, akawaweka vifaranga watano ndani pamoja na Jerida, akafunika, akafunga kamba mafundo mawili, na kulining'iniza kwenye mhimili wa dari ambako paka hawezi kufika.

"Hapo watalala," akasema. "Mpaka paka ajue."

Nikamuuliza kuhusu buluu, kwa kuwa mwewe bado yupo. Alikuwa ameshalifikiria. Wiki hii paka atafundishwa manjano, wiki ijayo buluu, halafu hata matope, mpaka amjue kuku kwa sauti na harufu. Kesho tukitoka kanisani, saa kumi, ndio mwanzo. Safari hii yeye atamshika paka na mimi nitawashika vifaranga. Anasema mikono yangu ina haraka. Sikubisha.

Baba Fanisi amerudi kutoka kiwandani saa kumi na moja, amelowa. Ameona kapu juu, ameona rundo la nguo za mama yake kitandani kwetu, uso ukambadilika. Akamuuliza kama anaondoka.

"Naenda wapi na hii mvua?" Mama akasema, akampakulia ugali. Ugali wake mwenyewe, wa watu wenye meno.

Karani amelala chini ya kapu, anatazama juu. Amesikia mlio wa vifaranga na bado anafikiri kuna kazi haijakamilika. Sijamsamehe, ingawa sijui nimsamehe nini. Nimempa chakula.

Baada ya hapo nimelifungua sanduku langu. Nimetoa gauni langu la Jumapili, nikalitundika kwenye msumari ukutani, na blauzi zangu nyeupe nimezisukuma upande mmoja. Nguo za Mama nimezipanga upande wa pili, koti la baba mkwe likawa la mwisho. Nimelalia kifuniko kwa viwiko vyote viwili na bado hakifungi.

Nimekiacha hivyo hivyo, wazi.